Magari ya haibridi: programu mpya iliokoa betri, wenye magari wakalipa kwa mafuta

Mwezi wa saba mwaka wa 2010, kampuni ya Honda nchini Marekani iliwaita garajini wenye magari ya Civic Hybrid ya miaka ya 2006 hadi 2008. Hakuna tairi iliyobadilishwa, wala chujio, wala plagi. Fundi aliunganisha waya kwenye kompyuta ya gari, akaiwekea programu mpya, na mwenye gari akarudi nyumbani bila kulipa kitu. Lengo lilikuwa kuzuia betri zisichakae kabla ya wakati wake. Lakini baada ya hapo, baadhi ya wenye magari walianza kulalamika kwamba gari limekuwa zito kupanda kilima, na kwamba linakunywa mafuta kuliko zamani.

Historia hii ilitokea mbali na Kongo. Hata hivyo inagusa swali ambalo kila mwenye chombo chenye betri na kompyuta hukutana nalo, hata kama chombo hicho ni simu ndogo mfukoni: programu ikibadilishwa, ni nani anayepata faida, na ni nani anayelipa?

Injini moja, mota moja, na kompyuta katikati

Gari la haibridi ni gari lenye vyanzo viwili vya nguvu: injini ya kawaida inayotumia mafuta, na mota ya umeme inayotumia betri. Toyota ilianza kuuza gari lake la Prius nchini Japani mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1997. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa 1999, Honda ilipeleka Marekani gari dogo liitwalo Insight, nayo Prius ikafika huko mwaka wa 2000. Civic Hybrid ilifuata mwaka wa 2002.

Magari haya hayachomekwi ukutani kama simu. Betri yake hujazwa na gari lenyewe. Dereva anapokanyaga breki, au gari linapoteremka kilima, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Gari linaposimama kwenye msongamano, injini huzimika yenyewe. Likiondoka, mota huisaidia injini kusukuma. Hapo ndipo mafuta yanapookolewa.

Anayeamua hayo yote si dereva, ni kompyuta. Ndiyo inayosema injini izimwe lini, mota isaidie kwa nguvu kiasi gani, na betri iachwe ishuke hadi wapi kabla ya kujazwa tena. Maamuzi hayo yameandikwa katika programu. Kwa hiyo magari mawili yenye injini ileile, betri ileile na tairi zilezile yanaweza kutumia mafuta tofauti kwa sababu tu programu zake si sawa.

Betri dhidi ya tangi

Betri nyingi za magari hayo ya kwanza zilikuwa za nikeli. Betri ya aina hiyo haipendi kujazwa hadi juu kabisa wala kumalizwa hadi chini, na joto kali huidhuru. Kadiri inavyotumika sana, hasa penye joto na msongamano wa kusimama na kuondoka, ndivyo inavyozeeka.

Watengenezaji walikuwa na sababu ya kuogopa jambo hilo. Katika jimbo la California, betri za magari mengi ya haibridi zilikuwa na dhamana ya miaka 10 au maili 150,000, ambazo ni karibu kilomita 240,000. Betri ikifa ndani ya muda huo, kampuni ndiyo inayogharamia. Betri mpya ni maelfu ya dola. Programu mpya, kwa upande wake, ni kazi ya muda mfupi garajini.

Programu ya mwaka wa 2010 ililinda betri kwa kupunguza kazi yake. Kazi hiyo haikupotea hewani: sehemu ambayo mota iliacha kusukuma, injini ilibidi iisukume. Na injini husukuma kwa mafuta. Betri ikipumzika, tangi ndilo linalofanya kazi ya ziada. Gharama ya betri ingekuwa ya kampuni, lakini gharama ya mafuta ni ya mwenye gari.

Namba iliyobandikwa dirishani

Ili kuelewa hasira ya wanunuzi, ni lazima kuangalia namba waliyoahidiwa. Nchini Marekani kila gari jipya huuzwa likiwa na karatasi dirishani inayosema linakwenda maili ngapi kwa galoni moja ya mafuta. Civic Hybrid ya mwaka wa 2006 iliandikiwa maili 50. Kwa vipimo vya huku, hiyo ni kama lita 4.7 kwa kilomita 100.

Lakini namba hiyo ilipatikana maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya kupimia, kwa mwendo wa taratibu. Kuanzia magari ya mwaka wa 2008, idara ya serikali inayosimamia mazingira ilibadilisha njia ya kupima. Iliongeza mwendo wa kasi, baridi, na matumizi ya kiyoyozi. Magari ya haibridi yaliumia kuliko mengine. Kwa hesabu hiyo mpya, Civic Hybrid ilishuka kutoka maili 50 hadi 42, yaani karibu lita 5.6 kwa kilomita 100. Prius nayo ilishuka kutoka 55 hadi 46. Magari yalikuwa yaleyale, kipimo tu ndicho kilichobadilika.

Hivyo mwenye Civic alikuwa na namba tatu kichwani: ile aliyonunulia, ile ambayo serikali iliisahihisha baadaye, na ile aliyoiona mwenyewe kila alipojaza tangi. Programu ya 2010 ilipokuja, namba ya tatu ikazidi kuachana na ya kwanza.

Kesi ya Torrance

Wenye magari walikwenda mahakamani kwa pamoja. Makubaliano yaliyopendekezwa yaliwahusu watu wapatao 200,000, na kila mmoja angepata kati ya dola 100 na 200 pamoja na punguzo la bei kama angenunua gari jingine la Honda. Mwanamke mmoja wa California, aliyewahi kuwa mwanasheria, alikataa kuingia katika makubaliano hayo. Alisema gari lake halikufikia kamwe maili 50, na kwamba betri ilipochoka lilishuka hadi karibu 30.

Badala ya kukodi mawakili, alipeleka shauri lake katika mahakama ya madai madogo mjini Torrance, mji uleule ambao Honda ilikuwa na makao yake makuu ya Marekani. Katika mahakama ya namna hiyo mawakili hawaruhusiwi, kila upande hujisemea. Kampuni kubwa ilibidi imtume mfanyakazi wake akasimame mbele ya mteja mmoja.

Mwezi wa pili mwaka wa 2012 mwanamke huyo alishinda. Honda iliamriwa imlipe dola 9,867. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Lakini Honda ilikata rufaa, na kwenye rufaa mawakili wanaruhusiwa. Mwezi wa tano mwaka huohuo hukumu ilifutwa. Jaji wa rufaa aliona kwamba namba za matumizi ya mafuta zinasimamiwa na sheria za serikali kuu. Wakati huo makubaliano ya dola 100 hadi 200 yalikuwa yameshapitishwa na mahakama nyingine, huko San Diego.

Hesabu ifuatayo inaonyesha ukubwa wa jambo hilo. Gari linalotembea kilomita 20,000 kwa mwaka, likitumia lita 4.7 kwa kilomita 100, humaliza lita 940. Likitumia lita 7.8, ambazo ndizo maili 30 kwa galoni, humaliza lita 1,560. Tofauti ni lita 620, zaidi ya mapipa matatu ya lita 200 kila mwaka.

Ford nayo: programu ya kupunguza mafuta

Si kila programu mpya huongeza matumizi. Mwaka wa 2012 Ford ilileta gari la C-Max Hybrid lililoandikiwa maili 47 kwa galoni. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo, jarida la Consumer Reports lililipima barabarani na kupata maili 37 tu.

Mwezi wa saba mwaka wa 2013 Ford ilitangaza programu mpya, bila malipo, kwa magari yake ya haibridi yapatayo 77,000. Gari lililokuwa linaweza kwenda kwa umeme peke yake hadi karibu kilomita 100 kwa saa liliruhusiwa kufika karibu 137. Muda wa kupasha injini moto wakati wa baridi ulipunguzwa. Hapa kompyuta iliambiwa kinyume cha ile ya Honda: tumia umeme zaidi.

Hata hivyo programu haikuweza kuificha kasoro ya namba. Mwezi wa nane, Ford yenyewe ilishusha C-Max kutoka maili 47 hadi 43, na kuwalipa wanunuzi dola 550 kila mmoja. Sababu ni kwamba C-Max haikuwa imepimwa yenyewe. Kanuni ya zamani iliruhusu magari yenye injini na uzito wa kufanana kutumia kipimo kimoja, na Ford ilikuwa imetumia kipimo cha gari jingine, Fusion Hybrid, lenye umbo linalopasua upepo vizuri zaidi. Mwaka wa 2014 namba ikashuka tena hadi 40.

Kutoka gari hadi simu

Mtu asiye na gari anaweza kuona kwamba hayo hayamhusu. Mwaka wa 2017 yalimfikia kupitia simu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo, kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu zake mpya zilipunguza mwendo wa baadhi ya simu za iPhone zenye betri iliyozeeka, ili simu zisizimike ghafla. Watu wengi walikuwa wamedhani simu imekufa na wakafikiria kununua nyingine, kumbe dawa ilikuwa kubadilisha betri. Kampuni iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29.

Mantiki ni ileile ya Civic. Betri inazeeka, kampuni inailinda kwa programu, na mtumiaji anabaki na chombo dhaifu bila kuelezwa vizuri kwa nini. Kulinda betri si kosa, kwani gari likifa njiani au simu ikizimika katikati ya maongezi ni hasara pia. Kilichowaumiza watu ni kutoambiwa watakachopoteza, na kutopewa nafasi ya kuchagua.

Kongo katika historia hii

Ikumbukwe kuwa Kongo ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, sehemu kubwa ikitoka Lualaba na Haut-Katanga. Kobalti hiyo huingia katika betri nyingi za simu na za magari ya umeme. Betri inayozeeka haraka ni betri inayodai nyingine, na nyingine inadai madini tena.

Upande wa mashariki, magari mengi hufika yakiwa yametumika tayari, mengi kutoka Japani, kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Mnunuzi wa gari la haibridi la namna hiyo huangalia rangi, tairi na viti. Programu haionekani kwa macho. Inaweza kuwa ya zamani, au ilibadilishwa mara kadhaa na mwenye gari wa kwanza, na fundi asiye na mashine ya kusoma kompyuta ya gari hawezi kujua.

Kinachobaki mikononi mwa dereva ni kipimo kilekile walichotumia wale Wamarekani waliogundua mabadiliko mapema. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dereva hujaza tangi hadi juu na kuandika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Anapojaza tena hadi juu, huandika lita alizoongeza na kilomita mpya. Lita hizo huzidishwa kwa 100, kisha hugawanywa kwa kilomita alizotembea tangu alipojaza mara ya kwanza. Akiweka lita 28 baada ya kilomita 500, gari lake linatumia lita 5.6 kwa kilomita 100. Anayenunua esansi kwa bidoni kando ya barabara anahitaji kwanza kuhakikisha kwamba lita alizouziwa ni lita kamili. Akiandika hivyo kabla ya kwenda garaji na baada ya kutoka, kwa muda wa mwezi mmoja kila upande na kwenye barabara ileile, ataona mwenyewe kama kuna kilichobadilika.