Kuzimwa kwa Mitambo ya Analojia Mjini Moshi, na Maneno Yaliyoambatana Nako

Miongoni mwa miji saba ya Tanzania Bara iliyopangiwa kuzimiwa matangazo ya televisheni ya analojia katika awamu ya kwanza, Moshi uliwekewa tarehe moja na Arusha, yaani 31 Machi 2013. Dar es Salaam ilikwisha kutangulia tarehe 31 Desemba 2012, ikafuatwa na Dodoma na Tanga mwishoni mwa Januari, kisha Mwanza mwishoni mwa Februari. Mbeya ikawa ya mwisho, mwishoni mwa Aprili. Tarehe ya Moshi iliangukia Jumapili ya Pasaka. Katika nchi ya Wachagga, ambako waliotawanyika kwa kazi na biashara hurejea vihambani wakati wa sikukuu, siku hiyo si ya kupita kimya, na mwenye kupanga ratiba hakuweza kuchagua siku ambayo nyumba zingekuwa na watazamaji wengi zaidi.

Asili ya jambo lenyewe ni mbali na Kilimanjaro. Mwaka 2006 mataifa ya Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati yalikutana Geneva chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, yakaafikiana kwamba baada ya tarehe 17 Juni 2015 matangazo ya analojia yasingelindwa tena dhidi ya mwingiliano wa mawimbi ya jirani. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikajiwekea lengo la mapema zaidi, mwisho wa 2012. Katika hizo zote ni Tanzania peke yake iliyoanza kuzima kwa wakati. Kenya ilikawia kwa kesi zilizofika hata Mahakama ya Juu, na mitambo ya analojia ya vituo vyake vikubwa ikazimwa Februari 2015. Basi kwa muda wa karibu miaka miwili mlima mmoja ulikuwa na mifumo miwili: kusini na mashariki, Moshi hadi Rombo, utawala wa dijitali, kaskazini, upande wa Loitokitok, utawala wa analojia. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani kwa ajili ya ardhi ukawa, kwa kitambo, mpaka wa enzi mbili za mawimbi, ingawa mawimbi yenyewe hayana desturi ya kusimama mpakani.

Yapasa kueleza kwa ufupi kilichostaafishwa. Katika mfumo wa zamani kila kituo kilikuwa na masafa yake, mtambo wake na aghalabu mnara wake; ITV, iliyoanza 1994, na televisheni ya taifa, iliyoanza 2000, zilijirushia zenyewe. Katika mfumo mpya vituo kumi na zaidi hufungwa pamoja katika mkondo mmoja uitwao multipleksi, nao hurushwa kwa masafa yaliyokuwa yakibeba kituo kimoja tu. Hapo mwenye kutengeneza vipindi akatenganishwa na mwenye kuvisafirisha. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, ilitoa leseni za usafirishaji kwa kampuni tatu: Star Media, iliyounganisha Shirika la Utangazaji Tanzania na StarTimes ya China, Agape Associates, na Basic Transmissions. Mwenye kituo aliyekuwa bwana wa mnara wake akawa abiria katika chombo cha mwingine. Masafa yaliyobaki wazi yalikuwa mali yenye thamani, kwa kuwa kampuni za simu ziliyangojea kwa ajili ya intaneti.

Jambo hili lina ndugu yake katika kompyuta za leo. Programu iitwayo Kubernetes, iliyotolewa hadharani na Google mwaka 2014, husimamia kontena nyingi za programu zinazogawana mashine moja au kundi la mashine, kama multipleksi inavyogawanya masafa. Na jina lake ni neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani wa chombo. (Kiswahili kina mjukuu wa neno hilo tangu zamani: gavana, lililopita kwa Walatini kabla ya kufika pwani.) Kila toleo la programu hiyo huhudumiwa kwa muda wa miezi 14 hivi, kisha huachwa. Lakini toleo lililoachwa haliuawi. Huendelea kufanya kazi kwa mwenye nalo, bila kutiwa viraka, na hatari yake ni juu yake mwenyewe. Televisheni ya Moshi haikupewa rehema ya namna hiyo. Kilichozimwa ni chemchemi, wala si kata ya kutekea. Seti iliyonunuliwa kwa mauzo ya kahawa au ndizi ilibaki nzima, inawaka, na haina cha kuonyesha mpaka mwenyewe anunue kifaa kingine.

Mitelemko ya Kilimanjaro ilizidisha ugumu. Kutoka mjini, penye mwinuko usiofika meta 1,000, nchi hupanda hadi Uru, Kibosho, Machame na Marangu kwa migongo iliyokatwa na makorongo ya mito, na kila boma limekaa katika kihamba chake chini ya migomba. Nyumba moja huona bonde lote mpaka tambarare. Jirani yake, hatua mia moja tu, amefichwa nyuma ya mgongo. Wimbi la analojia likidhoofika, picha huchakaa polepole, na mtu huweza kutazama taarifa ya habari kwa kukisia nyuso. Wimbi la dijitali halina hali hiyo ya katikati: likishuka chini ya kiwango fulani picha huganda, kisha hutoweka kabisa. Kwa hiyo aliyezoea kuona vibaya alijikuta haoni chochote, naye ndiye aliyeambiwa kwamba dijitali italeta picha safi. Ahadi ilikuwa ya kweli kwa aliye mbele ya mnara.

Malalamiko makubwa, hata hivyo, yalitoka kwa wenye vituo. Chama cha wamiliki wa vyombo vya habari, chini ya uenyekiti wa Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame na mwanzilishi wa ITV, kilidai mapema mwaka 2013 kwamba watazamaji wamepungua na matangazo ya biashara yamepungua nao, kikataka mifumo yote miwili iende sambamba kwa muda. Serikali haikukubali. Hoja ya wamiliki ilikuwa na maslahi yao ndani yake, wala haikufichwa. Lakini ilikuwa hoja sahihi kwa mtazamaji pia, kwa kuwa gharama ya kuhama ilimwangukia yeye kwanza. Kanuni iliyomlinda ilikuwa moja: vituo vitano vya kitaifa, TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, vionekane bila malipo ya mwezi. Kanuni hiyo iliendelea kuzua mabishano hata Agosti 2018, pale ving'amuzi vya kulipia vya setilaiti vilipozuiwa kubeba vituo vya bure.

Neno king'amuzi ndilo faida kubwa ya lugha katika mkasa huu. Limeundwa kwa kanuni ya zamani: ng'amua huzaa ng'amuzi kama amua izaavyo mwamuzi na chambua uchambuzi, ile l iliyopotea katika kitenzi ikirudi kwa sura ya z. Kingamizi wake kisimbuzi, kutokana na simbua, hueleza kazi ya kifaa kwa usahihi zaidi, maana kifaa hufumbua msimbo tu. Kung'amua ni kazi ya akili, ya mtu aliyekuwa gizani akatambua. Wataalamu huenda wakapendelea la pili. Watu sokoni walichukua la kwanza, na labda waliona kwamba kijisanduku kinachoamua nani aone na nani asione kinastahili kusifiwa kwa akili.

Maneno mengine hayakuundwa na mtu. Picha mbovu ya analojia iliitwa chenga, kwa mfano wa punje za mchele zilizovunjika. Na sahani ya setilaiti huitwa ungo, chombo cha kupepetea mchele huohuo. Hakuna kamati iliyoyapatanisha maneno hayo mawili, bali jiko moja limeyazaa. Ama analojia na dijitali, yaliyoingia kama istilahi za mafundi, yalitoka katika televisheni upesi yakawa sifa za watu. Katika uchaguzi wa Kenya wa 2013 vijana wa siasa walijiita wa dijitali na kuwaita wapinzani wao wa analojia, na huku Tanzania mtu wa analojia ni yule aliyepitwa na wakati. Katika matumizi hayo neno halina tena habari yoyote ya mawimbi, na kijana wa Moshi aweza kumtania babu yake kwalo bila kupata kuona chenga maishani mwake.