Kamusi za Kiborana na deni kwa waliotoa maneno

Kiborana kinachozungumzwa Merti, Garba Tulla, Kinna na katika soko la mifugo la Isiolo ni lahaja ya Kioromo. Moja ya kamusi za mwanzo za Kioromo ilitokana na kinywa cha kijana aliyeuzwa utumwani. Duke Maximilian wa Bavaria aliporudi kutoka safari ya Misri ya mwaka 1838, alifika Munich na vijana kadhaa Waafrika, akamkabidhi Karl Tutschek awafundishe. Mmoja wao, Akafede, alikuwa Mworomo. Tutschek alijifunza lugha kwake na kwa Waoromo wengine waliofikishwa Ulaya, akafariki mwaka 1843 kabla kazi haijachapishwa. Ndugu yake Lorenz aliitoa kamusi mwaka 1844 na sarufi mwaka uliofuata.

Ari hiyo ya kukusanya maneno ilikuwa imeshika Ulaya tangu karne iliyotangulia, Enzi ya Mwangaza. Mwaka 1728 Ephraim Chambers alichapisha ensaiklopidia yake London. Wachapishaji wa Paris walitaka kuitafsiri tu, lakini mikononi mwa Denis Diderot na Jean d'Alembert ikawa kazi mpya: juzuu 17 za maandishi na 11 za michoro, zilizotoka kati ya 1751 na 1772. Serikali iliipiga marufuku mwaka 1752, na tena 1759. Diderot aliingia kwenye karakana, akawahoji mafundi, na zana zao zikachorwa, kwa kuwa aliamini ujuzi wa mfumaji unastahili kuandikwa sawa na ujuzi wa mwanafalsafa. Alihofia pia kwamba maarifa yasiyoandikwa yangeweza kupotea katika machafuko.

Isiolo inaujua ukweli wa hofu hiyo. Wakati wa vita vya Shifta, uasi wa kutaka kujitenga kaskazini mwa Kenya kuanzia 1963 hadi 1967, wafugaji walikusanywa kambini na mifugo yao mingi ikaangamia. Ng'ombe akitoweka zizini, hutoweka pia nafasi ya mtoto kujifunza majina ya rangi zake, umbo la pembe, magonjwa, malisho na zamu za kisimani. Maarifa hayo hufundishwa kwa kazi. Kazi ikikatika, hakuna darasa lingine.

Waoromo wenyewe waliona mapema haja ya kuandika maneno yao. Aster Ganno, msichana aliyetekwa utumwani na kukombolewa mwaka 1886, alisomeshwa katika misheni ya Waswidi ya Imkullu, karibu na Massawa. Huko alikusanya msamiati wa Kioromo, hadithi na nyimbo za kwao. Pamoja na Onesimos Nesib, naye mtumwa aliyekombolewa, alitayarisha kitabu cha kusomea kilichochapishwa mwaka 1894. Msamiati wake ulisaidia tafsiri ya Biblia nzima ya Kioromo, iliyotoka mwaka 1899.

Kazi iliyo karibu zaidi na roho ya Diderot kwa Waborana ni *Aadaa Boraanaa*, kamusi ya utamaduni iliyoandaliwa na mmisionari Ton Leus akishirikiana na Cynthia Salvadori, na kuchapishwa Addis Ababa mwaka 2006. Ndani yake neno huambatana na maelezo ya desturi: mfumo wa marika wa gada, visima, mifugo, ndoa, sheria. Lakini imeelezwa kwa Kiingereza, na chimbuko lake ni Waborana wa kusini mwa Ethiopia.

Waborana wa Waso, yaani wa Isiolo, wanastahili kitabu chao, kilichoelezwa kwa Kiborana na Kiswahili, ili jirani Mturkana, Msomali, Msamburu na Mmeru naye akisome. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iendeleze na kulinda lugha za Wakenya. Kaunti ianze na wazee walioinywesha mifugo kabla ya vita, na kila anayetoa maelezo jina lake liandikwe ukurasa wa mbele, pamoja na wahariri. Akafede na Aster walitoa maneno, na kwa muda mrefu sifa zikaenda kwingine. Kamusi ya Isiolo isirudie dhuluma hiyo.