Funguo za Nyumba ya Wengine: Historia ya Programu za Kusimamia Seva Pepe, Ikitazamwa Kutoka Gihundwe

Insha hii inachunguza swali linaloonekana kuwa la mafundi peke yao: mtu anayetaka kufungua biashara ya kupangisha tovuti hapa Gihundwe, wilayani Rusizi, achague programu gani ya kusimamia seva zake? Mafundi hulijibu kwa kulinganisha bei na kasi. Mimi nalitazama kihistoria, kwa sababu programu hizi sasa zina umri wa kutosha kuwa na historia, na kwa sababu katika historia hiyo swali moja hurudi kila baada ya miaka michache: mambo yakiharibika, funguo ziko mikononi mwa nani?

Kwanza tuelewane kuhusu maana. Tovuti hukaa ndani ya kompyuta inayowaka usiku na mchana, iitwayo seva. Mfanyabiashara wa Kamembe anayetaka tovuti ya duka lake hanunui seva. Hupanga nafasi kwa mwenye seva, kama mtu anavyopanga chumba. Seva pepe ni hatua moja mbele. Mwenye mashine huigawa mashine moja ya chuma kuwa kumi au ishirini za kufikirika, na kila mpangaji huona kana kwamba ana kompyuta yake mwenyewe, yenye nywila yake na programu zake, na akiiharibu ameharibu ya kwake tu. Zinahitajika programu mbili. Ya kwanza hujenga kuta kati ya vyumba. Ya pili ni paneli ya usimamizi, na kazi yake ni ile ya msimamizi wa nyumba: hufungua chumba kipya mteja anapolipa, hukifunga asipolipa, na hupima nani ametumia kumbukumbu na diski kiasi gani. Msimamizi huyo ana ufunguo wa kila mlango.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walibuni njia ya kuigawa kompyuta moja kubwa kati ya watumiaji wengi, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza mfumo wa VM/370 kwa wateja wake. Mbinu hiyo ilibaki kwenye mashine kubwa za mabenki, serikali na vyuo hadi VMware, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1998, ilipoiwezesha kufanya kazi kwenye kompyuta za kawaida. Programu yake ya seva, ESX, ilitoka mwaka 2001. Ilikuwa nzuri na ilikuwa ghali.

Mwaka huo huo wa 2001 Rwanda ilikuwa inaanza mpango wake wa kwanza wa taifa wa habari na mawasiliano. Mawasiliano yetu na dunia yalipita kwenye setilaiti zilizoko kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, na ombi likienda na jibu likirudi, zaidi ya nusu sekunde ilikuwa imepita. Hadi kituo cha kubadilishana mawasiliano cha RINEX kilipoanzishwa Kigali mwaka 2004, hata barua pepe iliyotoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine jijini humo iliweza kuzunguka nje ya nchi kwanza. Katika hali hiyo nani angeweka seva Cyangugu, kama mkoa wetu ulivyoitwa wakati huo? Tovuti za Wanyarwanda zilipangwa Ulaya na Marekani.

Jina la nchi nalo lilikuwa huko. Kikoa cha .rw, yaani herufi zinazomalizia anwani za Rwanda kwenye intaneti, kiliandikishwa mwaka 1996, lakini kilisimamiwa kutoka nje hadi mwaka 2012 kilipokabidhiwa RICTA, shirika la hapa nyumbani. Miaka 16! Mtu aliyetaka anwani yenye jina la nchi yake alipiga hodi kwenye nyumba ya mtu mwingine. Ng'ambo ya mto Rusizi majirani zetu waliona jambo gumu zaidi: nchi ilipoacha kuitwa Zaire mwaka 1997 ilipewa kikoa kipya cha .cd, na kile cha zamani cha .zr kikafutwa kabisa mwaka 2001. Nayataja haya kwa sababu kikoa na paneli ya seva vinafanana kwa jambo moja: havionekani, na anayevishika anaweza kukufungia nje bila kugusa mali yako.

Tukirudi kwenye programu, miaka ya 2003 hadi 2008 ilikuwa miaka ya vita vya bei. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa Xen, programu huria ya kujenga zile kuta, ambayo mtu yeyote aliweza kuichukua bila malipo. Amazon iliitumia katika huduma yake ya EC2 iliyofunguliwa mwaka 2006. Wengi wetu hatujui kwamba sehemu kubwa ya huduma hiyo, ambayo leo ni mzizi wa biashara kubwa kabisa ya kupangisha kompyuta duniani, ilijengwa na kikundi kidogo cha wahandisi waliokuwa Cape Town. Afrika ilikuwa kwenye chumba cha kujifungulia, ila mtoto hakupewa jina lake.

Wapangishaji wadogo, hata hivyo, waliipenda zaidi OpenVZ, iliyotolewa huria mwaka 2005 na kampuni ya SWsoft. Inafaa kueleza sababu, kwani hapa uamuzi wa kiufundi ulikuwa uamuzi wa kibiashara. Xen humpa kila mpangaji mfumo endeshi wake kamili, pamoja na kiini chake. OpenVZ iliwapa wapangaji wote kiini kimoja na kuwatenganisha kwa pazia tu, kwa njia inayoitwa kontena. Pazia ni jepesi kuliko ukuta, kwa hiyo mashine moja ilibeba wapangaji wengi zaidi. Tena, kwa kuwa si wote hutumia kumbukumbu yao kwa wakati mmoja, mwenye mashine aliweza kuuza kumbukumbu nyingi kuliko aliyonayo. Wengi walifanya hivyo, na wateja wao walijua siku ambayo wapangaji wote walikuwa nyumbani. Pamoja na hayo siwezi kuwaita wajinga. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, na bila OpenVZ seva pepe za bei nafuu zisingewafikia wanafunzi wala maduka madogo mapema vile.

OpenVZ ilihitaji msimamizi wa nyumba, na hapo ndipo paneli zilipopata soko. Mojawapo ilikuwa HyperVM, iliyotengenezwa na LxLabs, kampuni ndogo ya Bangalore, India. Mwezi Juni 2009 kampuni ya Uingereza ya VAserv, iliyotumia HyperVM, iliingiliwa, na data za tovuti zipatazo 100,000 zikafutwa. VAserv ilisema mshambuliaji alipitia tundu la paneli; wengine walibishana kuhusu chanzo hasa. Lisilobishaniwa ni hali ya waliopoteza. Wateja wengi walikuwa wamechukua huduma ya bei ya chini isiyo na nakala za akiba, na tovuti zao hazikurudi tena. Mtu aliyepanga chumba kimoja alikuwa hajawahi kusikia jina HyperVM. Hakuichagua. Alichaguliwa na mpangishaji wake, pengine mchana mmoja tu, kwa kulinganisha bei.

Wengi walihamia SolusVM. Miaka minne baadaye, Juni 2013, tundu katika faili moja la SolusVM lilitangazwa hadharani, na ndani ya muda mfupi wapangishaji kadhaa, miongoni mwao RamNode ya Marekani, walishambuliwa na seva za wateja wao zikafutwa. Kuta zenyewe hazikuvunjwa. Mwizi alichukua funguo kwa msimamizi.

Wakati huo huo hali ya kwetu ilikuwa inabadilika. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na Rwanda ikatandaza nyaya zake za nuru hadi wilayani na mipakani. Kwa mara ya kwanza swali la insha hii likawa swali la kweli kwa mtu wa Gihundwe. Lakini wengi walioingia katika biashara hii waliingia kama madalali: walinunua nafasi kwa jumla kutoka Ulaya au Marekani, wakaiuza kwa rejareja kwa faranga. Dalali hachagui programu. Hurithi ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba akiibadilisha, dalali hupata taarifa siku moja na wateja wake.

Awamu ya karibuni haikuhitaji wezi. Mwaka 2018 cPanel, paneli ya tovuti iliyozoeleka kuliko zote, ilinunuliwa na kundi lililoongozwa na Oakley Capital, mfuko wa uwekezaji wa London uliokwisha kumiliki mshindani wake, Plesk. Na Plesk mwaka huo ikainunua SolusVM. Juni 2019 cPanel ilitangaza kwamba leseni itatozwa kwa idadi ya akaunti badala ya kwa seva. Mpangishaji aliyejaza seva moja na wateja wadogo mia kadhaa, na hao ndio wateja wa sehemu kama yetu, aliona gharama yake ikipanda mara nyingi, tena kwa dola. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba CentOS 8, mfumo endeshi wa bure ambao wapangishaji wengi waliujenga msingi wao juu yake, utakoma kuhudumiwa mwishoni mwa 2021 badala ya 2029. Kisha Novemba 2023 Broadcom ikakamilisha ununuzi wa VMware, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Aliyedhani amenunua alijikuta amepanga.

Kutokana na historia hii nina msimamo. Kigezo cha kwanza cha mpangishaji wa Gihundwe kiwe urahisi wa kuhama, na wingi wa vitufe vya paneli uje baadaye. Kwa kigezo hicho KVM ndiyo inayosimama mbele. Ilianzia kwa Qumranet, kampuni ya Israeli, na tangu Februari 2007 imo ndani ya kiini cha Linux chenyewe, kwa hiyo hakuna kampuni moja inayoweza kuifunga mlango. Paneli ya Proxmox, iliyotolewa Vienna mwaka 2008, ni huria pia. Hata yenyewe ilibadilika: mwaka 2015 iliiacha OpenVZ na kuchukua kontena za LXC, na waliokuwa na kontena za zamani walilazimika kuzihamisha. Ila waliweza kuzihamisha, kwa amri zilizoandikwa wazi, bila kumwomba mtu ruhusa.

Mwenzangu mmoja wa darasa, anayesomea kompyuta, ananipinga. Anasema programu huria ni bure kwa mtu ambaye muda wake hauna bei. Seva ikianguka saa 8 usiku, aliyelipia leseni ana mtu wa kumpigia, na asiyelipia ana vitabu vya maelekezo na sala. Hoja yake ni nzito. Wilaya hii haina mafundi wengi wa Linux, na wazuri huondoka kwenda Kigali. Namjibu kwamba wateja wa HyperVM na SolusVM nao walikuwa na mtu wa kumpigia. Lakini nakubali kwamba fedha inayookolewa kwenye leseni inapaswa kulipa mshahara wa fundi, na anayeigeuza yote kuwa faida anajidanganya.

Liko pia suala jipya ambalo kizazi cha 2009 hakikuwa nalo. Sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi inataka data hizo zihifadhiwe ndani ya nchi, isipokuwa mwenye kuzishika ana cheti kinachomruhusu kuziweka nje. Orodha ya wateja wa duka, yenye majina na namba za simu, ni data binafsi. Kwa dalali anayeuza nafasi ya Ulaya hili si jambo dogo. Kwa mwenye mashine yake hapa ni nafasi ya biashara, akiweza kuonyesha diski ziko wapi na nakala za akiba ziko wapi.

Nakala hizo ndizo zinazoonyesha ugumu wa mahali petu. Haifai zikae nyumba moja na mashine yenyewe. Mji mkubwa ulio karibu na Gihundwe ni Bukavu. Wafanyabiashara huvuka mpaka kwa miguu asubuhi na kurudi jioni, Kiswahili cha sokoni ni kimoja, na tangu 1989 mtambo wa umeme wa Ruzizi II, unaoendeshwa na shirika la SINELAC, ni mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo: mashine moja, wapangaji watatu. Lakini mbele ya sheria ya data Bukavu ni nje ya nchi sawasawa na London, na nakala ya akiba isiyo na cheti lazima ielekee upande wa pili, kupita msitu wa Nyungwe hadi Kigali. Nusu ya wateja ambao mpangishaji wetu angewatarajia wako ng'ambo ile ile, na data za kwao zina sheria za kwao. Paneli ya kusimamia mashine mbili katika nchi mbili ipo tayari, na ni ya bure. Makubaliano ya data yanayofanana na yale ya umeme ndiyo ambayo hakuna programu inayoweza kuyasakinisha.