Resori: kutoka Los Angeles mpaka njia ya Kibumba

Wandugu ba-anciens, mumeona ile picha ya pikapu Chevrolet ya zamani inayozunguka hapa: rangi inang'aa kama kioo, bodi imelala karibu iguse lami. Wengi wameuliza swali moja: ile gari mutu anaweza kuitembeza Goma? Hapana, kwa mawe yetu ya volkano haifiki hata kona ya kwanza. Lakini historia yake inatusaidia kuangalia vizuri kitu chetu.

Zile gari zinaitwa lowrider. Zilitoka kwa vijana wenye asili ya Mexico kule California, baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Walikuwa wananunua Chevrolet zilizokwisha tumika, wanakata resori ao wanatia mifuko ya mchanga nyuma ili gari ikae chini, kisha wanatembea polepole. Wengine walitafuta mbio. Hawa walitafuta kuonekana. Serikali haikufurahi: kuanzia 1958, sheria ya California ilikataza sehemu ya bodi kushuka chini ya rimu.

Hapo njo akili ilitoka. Mwaka wa 1959, Ron Aguirre alichukua pompi na vali za ndege, akazifunga kwa Corvette yake. Pompi inasukuma mafuta ndani ya silinda, gari inapanda. Vali ikifunguliwa, inashuka. Polisi akitokea, unapanda. Akipita, unalala tena. Sheria yenyewe ilidumu mpaka mwanzo wa 2024!

Pikapu za Chevrolet C-10 za 1967 mpaka 1972 zinapendwa sana kwa kazi hiyo, juu ya jambo moja la ufundi: nyingi zina resori za kujizungusha hata nyuma, mahali pikapu zingine zina lame. Resori ya namna hiyo unaitoa, unaweka fupi, gari inashuka.

Sasa tujiulize: huku kwetu, ni chombo gani kilizaliwa hivyo, kwa mikono ya watu wasio na pesa, kwa vyuma na mipira iliyotupwa, kila kimoja kwa kipimo cha mwenyewe? Si Land Cruiser, hata kama mafundi wetu wanaiongezea lame ili ibebe zaidi. Ni chukudu.

Chukudu ilitokea Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970, wakati uchumi wa Zaire ulikuwa unaanguka. Fundi anaichonga kwa siku moja mpaka tatu: mti mugumu wa mumba na eukaliptusi, magurudumu ya mbao yaliyovishwa kipande cha mpira wa gari. Ule mpira wengi wanafikiri ni wa kulinda mbao tu, kumbe unapunguza pia kishindo cha mawe. Wengine wanatia resori mbele. Kipande kingine cha mpira, juu ya gurudumu la nyuma, ni freni: unakikanyaga. Na pale unapoweka goti, unapigiliwa mpira tena. Hesabuni wenyewe tairi moja imefanya kazi ngapi.

Uangalie pia umbo lake. Iko chini na ndefu, njo maana inabeba kilo mia kadhaa za makala, mashu na viazi bila kupinduka, ikiteremka kutoka Kibumba kwa uzito wake yenyewe. Kupanda, hapo ni jasho na kusukuma. Yule kijana wa Los Angeles alishusha gari ili aonekane. Wetu alishusha mzigo ili afike nao soko. Mimi naona huyu wa pili alikuwa na hesabu ngumu zaidi, kwa sababu akikosea, gunia linamuangukia.

Na njia yenyewe si ya mchezo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilikata mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mei 2021 ilifunga barabara ya Rutshuru. Mwaka wa 2022 vita vilifika Kibumba, na chakula kilichokuwa kinashuka na chukudu kikawa shida mjini.

Tangu 2009 chukudu ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu pale Rond-point Chukudu, na Rais Joseph Kabila njo aliizindua. Vizuri. Lakini sanamu haionyeshi namna ya kuchagua mti, wala unene wa gurudumu, wala pembe ya usukani. Leo pikipiki za magurudumu matatu zinachukua mizigo ileile, na vipimo bado viko kwa mikono ya wazee. California wanaweka lowrider ndani ya makumbusho. Gari moja, Gypsy Rose, Impala ya 1964, iliwekwa mpaka Washington.

Kwa hiyo wale wetu waliosomea ufundi na ujenzi: mukipita njia ya Kibumba, mubebe mita na karatasi. Musimame kwa fundi, mumusalimie baba kwa heshima, mumuulize kwanza kuhusu gurudumu la mbele.