Chomeka-ucheze: Istilahi ya Kiweko cha Michezo ya Runinga

Kiweko cha chomeka-ucheze ni kifaa kidogo cha michezo ya video kinachouzwa kikiwa na michezo yake yote ndani ya saketi, hivi kwamba mnunuzi hahitaji kaseti, diski wala intaneti, bali huunganisha waya kwenye runinga, akawasha stima na kuanza kucheza. Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kitale na Bungoma kifaa hicho huitwa tu gemu ya TV, jina linalomtosha muuzaji lakini lisilomfaa mtunga kamusi, kwa sababu linazijumuisha pia mashine ghali za diski ambazo vijana huzichezea kwa malipo katika vibanda vya mjini.

Neno kiweko ni la zamani, likiwa na maana ya kitako au pahali pa kuwekea kitu, na wafasiri wa programu za kompyuta ndio waliolipa kazi hii mpya. Ugumu uko katika sehemu ya pili. Msemo wa Kiingereza plug and play ulienea katika fani ya kompyuta, hasa baada ya Windows 95 kutolewa mwaka 1995, na huko ulimaanisha kwamba mashine hukitambua yenyewe kifaa kipya kilichounganishwa nayo, bila mtumiaji kuipangia lolote. Watengenezaji wa vichezeo walipouazima, maana ilipungua, kwani kiweko cha runinga hakitambui kitu. Kimebeba tu michezo yake tumboni. Ndiyo maana inafaa kuzitenganisha dhana hizo mbili, kompyuta ikapewa chomeka-utumie na kichezeo chomeka-ucheze. Tafsiri ya chomeka na cheza, inayomjia mtu haraka, haikubaliki kisarufi, maana amri mbili zinapofuatana, kitenzi cha pili huingia katika hali tegemezi, kama isemwavyo njoo ule au kaa uone. Muundo huo tayari umezaa nomino inayosikika kila msimu wa siasa, yaani nipe nikupe.

Asili ya vifaa hivi ni Family Computer, mashine ambayo Nintendo iliiuza Japani kuanzia Julai 1983. Baadaye viwanda vya Taiwan, na kisha vya China, viliiga saketi zake na kuzibana zote katika kipande kimoja cha silikoni, ambacho kwenye viweko vya bei nafuu hufunikwa kwa tone la gundi nyeusi iliyoganda. Tone hilo ndilo linalomshinda fundi wa redio na TV: anaweza kubadilisha adapta, kulehemu waya uliokatika au kusafisha vitufe vya padi, lakini kilicho chini ya gundi kikiungua, kifaa kizima hutupwa. Idadi ya michezo inayochapishwa kwenye boksi, ambayo mara nyingine hufika 9,999 na kupita, nayo isichukuliwe jinsi ilivyo, kwa sababu aghalabu ni michezo michache iliyorudiwarudiwa kwa majina mengine, mmoja ukianzia hatua ya kwanza na pacha wake hatua ya tano. Nintendo yenyewe ilipotoa kiweko chake kidogo cha aina hii mwaka 2016, ilitia ndani michezo 30 tu.

Ahadi iliyomo katika jina hukutana na mambo mengine sebuleni. Viweko vya zamani viliweza kupitisha picha kwenye tundu la antena, kwa hiyo vilifaa hata kwa runinga ndogo za Great Wall zilizotumia betri ya gari mahali ambapo stima haikuwa imefika. Baada ya Kenya kuzima mitambo ya analogi mwaka 2015, runinga nyingi za kizamani zilihitaji king'amuzi, nacho kikamiliki yale matundu matatu ya rangi za manjano, nyeupe na nyekundu ambayo kiweko kinayahitaji. Katika nyumba yenye runinga ya seti moja ya matundu, kucheza kunamaanisha kuking'oa king'amuzi, jambo ambalo mtoto hathubutu kulifanya taarifa ya habari ya saa moja jioni ikikaribia. Runinga bapa nazo zimeleta tatizo la bunduki ya kuchezea mchezo wa kuwinda bata, ambayo bado hutiwa katika boksi la baadhi ya viweko. Bunduki hiyo hutegemea kuuona mwanga wa kioo papo hapo kifyatuzi kinapovutwa, na kwa kuwa runinga bapa huchelewesha picha kidogo, bata hafi hata akilengwa kutoka shubiri moja.

Kizazi cha sasa cha vifaa hivi ni kijiti kinachochomekwa katika tundu la HDMI, chenye padi mbili zisizo na waya na kadi ndogo ya kumbukumbu inayobeba maelfu ya michezo. Kijiti hakina saketi ya mwaka 1983 iliyoigwa. Kina programu inayojifanya mashine za zamani, na kadi yake inaweza kutolewa ikaongezwa michezo mingine. Kwa ufafanuzi uliotolewa hapo juu, kijiti ambacho kadi yake haijaguswa ni chomeka-ucheze halisi, ilhali kile ambacho mwenyewe amekijazia michezo kwa kompyuta kinaelekea zaidi upande wa kompyuta ndogo, hata kama muuzaji wa Bungoma atazidi kuviita vyote viwili gemu ya TV.