TULIKOTOKA NA UKIMWI, SEHEMU YA 5: Wale waliokimbia kabla yetu

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, na hii baridi ya Juni ya Mbeya mnaijua. Naandika nikiwa ndani ya blanketi.

Wiki iliyopita dada mmoja wa Iringa alinitumia picha. Watu wengi wanakimbia New York, wamebeba bendera za rangi za upinde wa mvua. Akaniuliza, "Nesi, hawa wapenzi wa jinsia moja wanakimbilia nini? Na sisi wenye watoto wanatuhusu nini?" Nilimwahidi jibu. Nimekaa nalo siku kadhaa, maana nikilifuata linanipeleka mpaka kwenye kliniki ya mama na mtoto.

Twende taratibu.

Mwaka 1974, mjini San Francisco, wanaume na wanawake wa jamii hiyo walianza kukimbia pamoja. Wakajiita Front Runners, jina walilolitoa kwenye riwaya ya mwaka huohuo. Mwaka 1982 wenzao wa New York wakaanzisha mbio zao katika bustani ya Central Park. Zinafanyika Juni, kwao kiangazi kinaanza, na siku hizi fedha zinakwenda kwenye mashirika yanayohudumia jamii yao. Mwaka 2019 waliomaliza walizidi 10,000.

Mwaka huohuo wa 1982, daktari mmoja anaitwa Tom Waddell alianzisha michezo ya watu wa jamii hiyo kule San Francisco. Waddell aliwahi kushika nafasi ya 6 katika dekathloni, Olimpiki ya Mexico 1968. Olimpiki hiyo tunaikumbuka, si ndiyo? Ndiyo ile ambayo John Stephen Akhwari wetu, mtoto wa Mbulu, alianguka kwenye marathon, goti likafungwa bandeji, akachechemea mpaka mwisho uwanja ukiwa umeshaanza kuwa mtupu. Watu hawa wawili walikuwa Mexico pamoja. Mmoja tunamjengea heshima mpaka leo. Mwingine alifariki kwa Ukimwi mwaka 1987.

Na hapo ndipo historia inapotugusa.

Juni 1981 madaktari wa Marekani waliandika habari za vijana watano wa Los Angeles waliougua nimonia isiyo ya kawaida. Wote walikuwa wanaume wanaopenda wanaume. Miaka iliyofuata ilikuwa ya giza. Familia ziliwakana watoto wao. Kuna wodi ambazo wahudumu waliacha sahani ya chakula mlangoni, mgonjwa ajikongoje mwenyewe. Mimi kama nesi nikisoma hapo nafunga kitabu kwanza.

Kwa kuwa wengi hawakutaka kuwagusa, wakahudumiana wenyewe. Walipikiana, walioshana, walizikana. Halafu wakatoka barabarani kuchangisha. Tarehe 28 Julai 1985 watu kama 4,500 walitembea Los Angeles na kukusanya dola 673,000 kwa ajili ya wagonjwa wa Ukimwi. Siku tatu tu kabla ya hapo, mwigizaji Rock Hudson alikuwa ametangazwa kuwa na ugonjwa huo. Mwaka 1986 New York nao wakatembea. Hawakuwa wa kwanza duniani kuchangisha kwa miguu. Terry Fox wa Canada alishakimbia mwaka 1980 na mguu wa bandia kwa ajili ya saratani. Ila wao walifanya hivyo kwa ugonjwa ambao watu waliona aibu hata kuutaja.

Mwaka 1987 wengine wakaanzisha kundi la ACT UP. Hao walikuwa wakorofi kidogo. Walikaa barabarani, wakazingira ofisi za mamlaka ya dawa wakidai majaribio yaende haraka na wagonjwa wasikilizwe. Wanawake wa kundi hilo walipigania jambo moja ambalo mama zangu mlijue: wanawake wenye VVU walikuwa wanakufa kwa saratani ya mlango wa kizazi, lakini haikuhesabiwa kuwa Ukimwi, hivyo wakakosa msaada. Mwaka 1993 ikaingizwa kwenye orodha. Kwa hiyo leo ukiwa CTC ukaambiwa, "mama, njoo tupime mlango wa kizazi," usinune. Kuna wanawake walipiga kelele mpaka uhusiano huo ukatambuliwa.

Mwaka 1994 likaja jibu lililobadilisha kazi yangu kabla hata sijaianza. Utafiti wa Marekani na Ufaransa ulionyesha kuwa mjamzito akipewa dawa ya AZT, watoto wanaoambukizwa wanashuka kutoka 25 hivi katika kila 100 hadi 8. Mwaka 1999 utafiti wa Kampala, Uganda, ukaonyesha kuwa nevirapine, dozi moja kwa mama na moja kwa kichanga, inapunguza maambukizi karibu nusu. Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kutoa ARV bure mwaka 2004. Mwaka 2013 tukaingia utaratibu wa kila mjamzito mwenye VVU kuanza dawa na kuendelea nazo maisha yote. Siku hizi mama akimeza dawa vizuri, hatari kwa mtoto inashuka chini ya 5 katika 100.

Sisemi waliotembea Los Angeles ndio waliofanya yote. Uganda, Noerine Kaleeba alifiwa na mume wake mwaka 1987, akaanzisha TASO na wenzake mwaka huohuo. Kwetu wagonjwa wa kwanza waligundulika Kagera mwaka 1983, na bibi zetu ndio waliobeba mzigo. Ila ukiniuliza nani walisukuma mlango wa maabara mpaka ukafunguka, hao walikuwemo. Wengi wao hawakuishi kuziona dawa zinazokunywewa leo Mwanjelwa, Uyole na Kihesa.

Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tusijifanye wageni wa habari hii. Utafiti wa taifa wa 2022-23 ulionyesha maambukizi ya watu wazima Njombe ni 12.7%, Iringa 11.1%, Mbeya 9.6%, wakati taifa zima ni 4.4%. Hapa kila ukoo una mtu.

Mbio za hisani tunazo. Kili Challenge wanapanda Mlima Kilimanjaro tangu 2002 kuchangia vita dhidi ya VVU. Mbeya tuna Tulia Marathon, watu wanakimbia kwa ajili ya afya na elimu. Kenya, Margaret Kenyatta alikimbia mwaka 2014 kuchangia kliniki zinazotembea kwa ajili ya akina mama. Mbio kama zile za New York kwetu hazipo, na sheria yetu mnaijua. Sikuja kubishana sheria leo.

Nimekuja kuwasimulia jambo moja. Mambo madogo nimeyabadilisha asitambulike.

Mama mmoja alikuja peke yake, kitenge kizuri, mkoba umebanwa kwapani. Akaninong'oneza, "Mwanangu, naomba dawa za kijana wangu." Nikamwambia mama, aje mwenyewe tumpime wingi wa virusi. Akanyamaza. Baadaye akasema, "Alikuja. Mlimcheka." Kijana alikuwa na namna yake ya kutembea na kuongea, wahudumu wakaitana dirishani kumtazama. Sikuwemo dirishani siku hiyo. Lakini siku nyingine nimewahi kuwemo, na nilicheka. Nilimwomba msamaha yule mama, naye akanitazama tu.

Februari 2017 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za VVU katika vituo 40 binafsi vilivyohudumia watu kama hao, ikasema huduma ziendelee vituo vya umma bila ubaguzi. Yaani kwetu sisi manesi. Na sheria ya VVU na Ukimwi ya 2008 inakataza kumnyanyapaa mgonjwa na kutoa siri yake. Akikimbia dirishani kwetu, hana pengine pa kwenda. Na virusi vyake havimwulizi anampenda nani. Atakuja kuoa kwa shinikizo la ukoo, na mkewe atakuja kliniki kwangu na tumbo la miezi minne.

Kwa hiyo dada yangu wa Iringa, jibu langu ni hili. Wale wanakimbia kwa sababu walishawahi kuachwa wafe, na waliponyanyuka dawa ikafika mpaka kwa mtoto wako. Huhitaji kubeba bendera yao. Ila kijana wako, au wa jirani, akiumwa, asogee dirishani bila kuogopa uso wako wala wangu.

Yule mama alirudi mwezi wa tatu. Kijana alikuwa naye, amevaa kofia imefunika macho. Nilimpokea mimi.

Sehemu ya 6 nitaeleza kipimo cha mtoto cha wiki 6, na kwa nini usikiruke. Lale salama, na kesho mkumbuke kadi za kliniki.