Jiko la kupachika limefungwa vibaya? Dalili za kuangalia na namna ya kumbana fundi

Kaunta ni ya granaiti, makabati yanang'aa, jiko la gesi limepachikwa kwenye kaunta na oveni imekaa chini yake. Fundi ameshalipwa na ameondoka. Wiki mbili baadaye sufuria zinatoka na masizi, kabati la pembeni lina joto, na kila oveni ikiwashwa umeme unakata.

Wengi hukimbilia kulaumu jiko: "Nimeuziwa feki." Inawezekana, lakini mara nyingi jiko lenyewe ni zima. Kosa limejificha nyuma ya kabati, kwenye mpira wa gesi, waya wa umeme na njia ya hewa.

Hapo ndipo majiko ya kupachika yanapotofautiana na jiko la kawaida la mezani. La mezani kila kitu kiko wazi. La kupachika, fundi akishafunga kabati, mwenye nyumba haoni tena kilichofanyika.

Moto wa njano na masizi

Moto mzuri wa gesi ni wa bluu na umetulia. Ukiwa mrefu, wa njano, na unapaka sufuria masizi, kwanza angalia kama vile vifuniko vya duara vinavyogawa moto ni visafi na vimekaa sawa.

Vikiwa sawa na moto bado ni wa njano, huenda jiko lina nozeli za gesi nyingine. Nozeli ni kile kitundu kidogo kinachopitisha gesi chini ya moto. Majiko mengi kutoka nje huja na nozeli za gesi asilia, ile ya bomba inayofika kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara. Gesi ya mtungi inahitaji kitundu kidogo zaidi. Fundi asipobadilisha, gesi inatoka nyingi kuliko hewa na haiungui vizuri.

Masizi siyo uchafu wa sufuria tu. Gesi isiyoungua vizuri hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Jikoni kusiko na dirisha wazi, inaweza kuua.

Namna ya kujua ni rahisi: karibu na jiko, mara nyingi chini yake, kuna kibandiko. G30 au G31 ni gesi ya mtungi. G20 ni gesi asilia. Nozeli za akiba mara nyingi huja kwenye boksi la jiko, kwa hiyo boksi lisitupwe haraka.

Mtungi na mpira ndani ya kabati

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inatulia chini. Kabati lililofungwa pande zote linaikusanya kama maji kwenye ndoo, ikisubiri cheche moja. Salama zaidi ni mtungi kukaa nje ya nyumba, umesimama wima, kwenye kivuli na penye hewa. Ukilazimika kukaa kabatini, kabati liwe na matundu ya hewa usawa wa chini, na lisiwe lile la oveni.

Mpira nao usipite nyuma ya oveni, maana joto huukausha na kuupasua. Usikunjwe, usiungwe katikati, na ncha zote mbili zishikwe na klipu, siyo kufungwa kwa waya au raba.

Kupima uvujaji hakuhitaji kifaa. Zima moto wote, fungua mtungi, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Kiberiti hakitumiki kupima hata siku moja.

Oveni inakata umeme

Oveni ya wati 3,000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta takribani ampea 13. Hicho ndicho kikomo cha plagi ya kawaida ya miguu mitatu. Ikiwa ya wati 3,500, inafika ampea 15. Kuichomeka kwenye ekstensheni, au kwenye laini moja na friji na birika, ni kutafuta moto.

Oveni kubwa inatakiwa iwe na laini yake kutoka kwenye bodi ya umeme, waya mnene unaolingana na mzigo, breka yake, na waya wa ethi uliounganishwa kweli.

Fundi akisema dawa ni kuweka breka kubwa zaidi, mwenye nyumba akatae. Breka inalinda waya. Ukiiongeza bila kubadilisha waya, umeme hautakata tena, ila waya utaungua ndani ya ukuta.

Kabati la moto, oveni inayocheza

Oveni inahitaji hewa nyuma yake. Vipimo vya nafasi hiyo viko kwenye kitabu cha maelekezo. Kabati likiwa la moto kupita kiasi, mbao zikivimba au gamba likibanduka, hewa haipiti. Lakini feni inayoendelea kuunguruma baada ya oveni kuzimwa ni kawaida, inajipoza.

Mlango wa oveni ukifunguliwa na oveni ikainama mbele, skrubu za pembeni hazijafungwa. Trei yenye mafuta ya moto inaweza kumwagikia mtoto.

Ukisikia harufu ya gesi

Usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Simu ipigwe ukiwa nje. Namba ya Zimamoto Tanzania ni 114.

Kumrudisha fundi

Kabla fundi wa pili hajagusa kitu, piga picha na video: kibandiko, mpira, plagi, nyuma ya oveni. Akishafungua kila kitu, fundi wa kwanza atasema aliyeharibu ni huyo mwingine.

Malalamiko yaandikwe, hata kwa WhatsApp: kazi ilifanyika lini, kasoro ni ipi, arudi lini. Simu tupu haiachi ushahidi. Waranti ya kiwanda kwa kawaida haigusi makosa ya ufungaji, kwa hiyo risiti ya duka peke yake haitoshi. Inatakiwa na karatasi ya fundi. Duka likiwa ndilo lililoleta fundi, lidaiwe duka.

Asiposikia, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na malalamiko yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Kwa upande wa umeme, mafundi wanatakiwa kuwa na leseni ya EWURA. Kumwomba fundi aoneshe leseni siyo kumvunjia heshima.

Malipo ya mwisho yasubiri

Njia nyepesi kuliko zote ni kubakiza sehemu ya malipo mpaka kazi ipimwe mbele ya mwenye nyumba. Povu lipakwe kwenye maungio. Moto uwe wa bluu kwenye mafiga yote. Oveni iwake kwa joto la juu kwa saa nzima bila kukata umeme, kisha kabati liguswe kwa mkono.

Fundi anayejiamini hatakataa. Anayesema "we lipa tu, nitarudi kesho kumalizia" ameshatoa jibu.

Mpaka kasoro irekebishwe, mtungi ufungwe na breka ya oveni ishushwe. Chakula cha jioni kinaweza kupikwa kwenye mkaa siku mbili tatu.